Jinsi ya kukusanya kumbukumbu za jumba la sinema la zamani la mji wenu: mwongozo kamili

Naletewa rekodi za namna moja mara kwa mara. Saa nzima ya sauti, feni inavuma, na mzee anaulizwa, "Enzi hizo sinema ilikuwaje?" Anajibu, "Ah, ilikuwa nzuri sana. Watu wengi, na heshima ilikuwepo." Anaulizwa tena kwa maneno mengine, anajibu yaleyale. Aliyerekodi anarudi nyumbani akiamini mzee amesahau.

Hajasahau. Ameulizwa maoni, akatoa maoni. Kumbukumbu zenyewe zimekaa njiani: alitokea wapi siku ile, alipita uchochoro upi, mkononi alishika nini, alikaa kiti gani na pembeni yake alikuwa nani. Ukimtembeza njia ile, yanatoka mambo ambayo yeye mwenyewe hakujua kwamba bado anayo. Hatua zote hapa chini zimepangwa kwa ajili ya hilo.

Mifano nimeitoa Tanzania, hasa pwani, maana ndiko ninakokusanya. Jumba la mji wenu linaweza kuwa limegeuzwa ghala, kanisa, ukumbi wa harusi, au limebaki gofu la popo. Kazi ni ileile.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Simu yenye programu ya kurekodi sauti, ikiwezekana inayohifadhi kwa mfumo wa WAV. Saa moja ya sauti ya kawaida ya WAV, mono, inachukua kama MB 320, kwa hiyo hakikisha nafasi ipo.
- Chaji ya akiba, na kanga au taulo ya kulazia simu.
- Daftari, kalamu, penseli laini na karatasi kubwa nyeupe kadhaa.
- Fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi.
- Picha mbili tatu za jumba, hata za siku hizi, zilizochapishwa kwa ukubwa ambao macho ya mzee yataziona.
- Diski ya nje au flashi mbili za kuhifadhia.

Kamera ya video si lazima. Watu wengi wakiiona wanakaa kama wanapigwa picha ya pasipoti, na maneno nayo yanakakamaa.

## Hatua ya 1: Tengeneza kadi ya jumba

Kabla hujamfuata mtu yeyote, andika kwenye karatasi moja kila unachokijua: jina, mtaa, majengo ya jirani, na linatumika kwa nini sasa. Acha nafasi kubwa kwenye mstari wa majina.

Majina ni muhimu kwa sababu majumba mengi yalibadilishwa jina, na jina analotumia mtu linakupa kipindi chake. Chukua Majestic ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Mahali pale palikuwa na jumba la Royal, lililofunguliwa 1921. Liliteketea kwa moto katikati ya miaka ya 1950, na jengo jipya likasimama 1955 kwa jina la Majestic. Mtu akikwambia "tulikwenda Royal", umeshapata nusu ya tarehe kabla hujauliza mwaka.

Andika pia jina la mtaani. Wengi hawakulitaja jumba kwa jina la kwenye bango, walisema "kwa fulani", wakimtaja mwenye jumba au meneja.

## Hatua ya 2: Orodhesha watu, na usianze na watazamaji

Kosa kubwa hapa ni kuwafuata waliokaa ukumbini peke yao. Jumba lilikuwa pia na opereta wa mashine na msaidizi wake, mkata tiketi, mlinzi wa mlangoni, mchora mabango, mwenye genge la karanga na kashata, na walanguzi walionunua tiketi mchana na kuziuza kwa bei ya juu jioni foleni ikishafika barabarani. Kila mmoja aliona kipande ambacho mwingine hakukiona.

Watafute pia wale waliobaki nje. Yupo mtoto aliyesikiliza picha nzima akiwa ukutani kwa sababu hakuwa na senti, na leo anakumbuka nyimbo zote ila hajui sura ya stelingi. Yupo msichana aliyekatazwa. Hawa wanakupa upande wa mji ambao mwenye tiketi hakuuona.

Wanawake wapangie siku yao, ikiwezekana akae nao mwanamke mwenzao. Zanzibar kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na mambo ya siku zile hayasemwi vizuri mbele ya mume au mtoto wa kiume.

Orodha ikikamilika, ipange kwa umri na afya. Anayeumwa unamwona wiki hii. Nilikwisha kumwekea mkata tiketi mmoja miadi ya baada ya Ramadhani, na Ramadhani haikuisha naye. Sijarudia tena kosa hilo.

Umefanikiwa ukiwa na majina manane hadi kumi na mawili, na angalau matatu kati yake ni ya watu waliofanya kazi pale.

## Hatua ya 3: Ziara ya kwanza ni ya salamu

Nenda bila kurekodi chochote. Amkia, kaa, kunywa chai ukikaribishwa. Eleza umetoka ukoo gani na nani amekuelekeza, halafu sema kazi unayoifanya na sauti itapelekwa wapi. Muda wa ziara hii haupotei: mzee anayekujua atakwambia "mwanangu, hili usiandike", na asiyekujua atanyamaza tu, nawe hutajua umekosa nini.

Siku hiyohiyo msomee fomu ya ridhaa polepole. Iwe na maswali manne: Nirekodi? Niandike jina lako kamili, jina la utani, au nisiliandike? Wengine wasikilize sasa, au baadaye? Picha zako nizipige nakala? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kama isingekuwepo, watu hawa wanakukabidhi mambo ya ujana wao, nawe una wajibu wa kuwauliza.

Tahadhari: ridhaa isemwe pia kwa sauti mwanzoni mwa rekodi. Karatasi hupotea.

## Hatua ya 4: Tayarisha sauti

Funga feni. Zima redio ya chumba cha pili, kwa adabu. Weka simu kwenye hali ya ndege na uilaze juu ya kanga iliyokunjwa, kama nusu mita kutoka kinywani mwa msemaji. Meza tupu hupeleka kila kishindo cha kikombe kwenye maiki.

Rekodi dakika moja, kisha isikilize ukiwa palepale. Kama husikii herufi za mwisho za maneno, sogeza simu.

## Hatua ya 5: Mtembeze kutoka nyumbani hadi kitini

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo soma polepole.

Usiulize "ilikuwaje". Chagua jioni moja, hata kama hajui ni ya mwaka gani, uanze nyumbani kwake: "Siku ya kwenda sinema, ulikuwa unaoga saa ngapi? Unavaa nini? Nani alikupa ruhusa? Mlango wa nyumba ulitazama wapi? Ukitoka unakwenda kulia au kushoto?" Kisha barabarani, foleni, dirisha la tiketi, ngazi, kiti. Subiri jibu liishe kabla ya swali linalofuata. Akinyamaza, hesabu moja hadi kumi moyoni. Mara nyingi jambo zito hutoka kwenye saba au nane.

Maswali ya mwili huzaa zaidi kuliko ya akili. Mkononi ulishika nini? Pale ngazini palinuka nini? Kiti kilikuwa cha mbao au cha kitambaa? Taa zikizimwa ulisikia nini kwanza? Bibi mmoja alinijibu mara tatu kwamba hakumbuki kitu. Nilipomuuliza viatu aliviweka wapi, alicheka, akasema alivivua na kuvikalia, kwa sababu vilikuwa vya dada yake na alivichukua bila kumwambia. Kutoka kwenye viatu tukafika kwa dada, kwenye kipigo cha kesho yake, na kwenye picha yenyewe, mwanzo hadi mwisho, pamoja na wimbo aliouimba kwa Kihindi bila kujua neno moja la lugha hiyo.

Waliofanya kazi waulize walisimama wapi. Opereta mmoja nilimuuliza "mashine ilikuwaje?", akasema "nzuri, ya Kizungu". Nikamuuliza alisimama upande gani wa mashine. Akainuka kitini. Mkono wa kushoto ukafungua kijimlango hewani, wa kulia ukavuta mkanda kutoka juu, vidole viwili vikaacha kitanzi kidogo. "Hapa unaulegeza. Ukiukaza, unakatika, na ukikatika watakutukana mama yako." Akanionyesha vijiti viwili vya kaboni vilivyotoa mwanga, jinsi vilivyokuwa vikiungua na kupungua, na jinsi alivyovisogeza kidogo kidogo visije vikaachana, picha ikafifia na ukumbi ukaanza kupiga miluzi.

Halafu akanieleza alama ya pembeni. Mashine zilikuwa mbili. Roli moja ya mkanda ikikaribia kwisha, kidoa kilitokea juu kulia kwa pazia: cha kwanza zikibaki kama sekunde nane, ili uwashe mota ya mashine ya pili, na cha pili ikibaki kama sekunde moja, ili ubadilishe. Mpaka leo, alisema, akitazama picha ya zamani kwenye televisheni jicho lake liko kwenye kona ile, hadithi haioni. Yote hayo niliyapata kwa kuuliza alisimama upande gani.

Tahadhari tatu. Usimsahihishe mtu akikosea jina au mwaka, andika tu kwenye daftari na uendelee. Usimmalizie sentensi. Na mazungumzo yakifika kwenye msiba, Mapinduzi ya 1964, au nyumba ya familia iliyotaifishwa, usichimbe. Uliza kama mzee angependa uzime, na uzime kweli, akuone ukifanya hivyo.

Dakika 60 hadi 90 zinatosha kwa siku. Na usifunge simu unapoaga, ila umwambie kwamba bado inarekodi. Mambo mengi husemwa mlangoni, kiatu kimoja kikiwa mguuni.

Umefanikiwa msemaji akianza kutumia mikono, akitaja watu kwa majina ya utani, au akijirekebisha mwenyewe: "La, subiri, balkoni ilikuwa upande ule."

## Hatua ya 6: Chora jumba pamoja naye

Tandika karatasi kubwa, mpe penseli. Achore mlango, dirisha la tiketi, ngazi, choo, chumba cha mashine. Mchoro usipopendeza hakuna neno. Kisha aweke alama pale alipokaa, na nani walikaa wapi.

Bei za viti ziliwatenganisha watu, na mchoro unaonyesha hilo waziwazi kuliko maneno: nani alikaa mbele karibu na pazia, shingo juu, na nani alipanda balkoni. Mpe kila msemaji karatasi yake mpya. Ukimwonyesha ya mwenzake atainakili, hata kama kumbukumbu yake inasema vingine. Karatasi tatu zikikubaliana kuhusu ngazi, ngazi ilikuwepo, hata kama leo pana ukuta.

## Hatua ya 7: Picha, tiketi na mikebe ya mikanda

Picha na tiketi za zamani usiziondoe nyumbani kwa mwenyewe. Piga nakala palepale mchana, karibu na dirisha lakini nje ya jua kali, simu ikiwa sambamba na picha. Ukiwa na skana, tumia dpi 600. Nyuma ya picha usiandike kwa kalamu ya wino. Penseli laini, kidogo, pembeni. Usibandike wala usipitishe plastiki ya moto.

Tahadhari kubwa: ukikuta mikebe ya mikanda kwenye chumba cha mashine, simama kwanza. Mikanda ya zamani ya 35mm, hasa iliyotengenezwa kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, inaweza kuwa ya nitrati. Nitrati huwaka kwa kasi ya kutisha, na moto wake unaendelea hata ndani ya maji kwa sababu unajitolea oksijeni wenyewe. Mkanda uliogeuka unga wa kahawia au unaonata kama asali ni hatari zaidi. Usivute sigara hapo, usiuache juani, usiupeleke nyumbani. Toka, kisha wajulishe Zimamoto na watu wa nyaraka. Mkanda unaonuka siki kwa kawaida ni wa asetati: huo hauwaki vile, ila unaoza, na unahitaji mahali pakavu penye ubaridi na hewa.

## Hatua ya 8: Pata tarehe bila kumbishia mtu

Wazee wachache sana hukumbuka mwaka. Wanachokumbuka ni kabla na baada. Waulize kwa matukio: kabla ya Uhuru wa Desemba 1961? Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967? Karume alikuwa hai bado, yaani kabla ya Aprili 1972? Wakati wa vita vya Kagera? Televisheni nayo ni mpaka mzuri: Zanzibar iliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara haikuipata hadi 1994. Hata maisha yao binafsi ni kalenda: "Ulikuwa umeshaolewa? Mtoto wa ngapi alikuwa mgongoni?"

Picha yenyewe inakupa mwanzo, haikupi mwisho. Sholay ilianza kuonyeshwa India Agosti 1975, kwa hiyo hakuna aliyeiona popote kabla ya hapo. Ila mkanda ungeweza kuufikia mji mdogo miaka kadhaa baadaye, umechakaa na umeungwaungwa. Mtu akisema aliiona Karume akiwa hai, amechanganya jioni mbili. Andika alivyosema, chini yake andika tarehe ulizonazo, acha zote zisomeke.

Fedha nazo zinasema. Anayetaja rupia za Zanzibar anarudi kabla ya 1936. Anayesema thumuni anamaanisha senti hamsini. Shilingi ya Tanzania ilianza 1966, kabla ya hapo ilikuwa ya Afrika Mashariki. Usibadilishe bei kuwa fedha za leo, uliza badala yake thumuni ilinunua nini kingine siku ile.

Hesabu ya roli ni kipimo changu nikipendacho. Mkanda wa 35mm hupita futi 90 kwa dakika, kwa hiyo roli ya futi 2,000 ni kama dakika 22, na picha ya saa tatu ni roli nane au tisa. Ukisikia kwamba majumba mawili yalionyesha nakala moja usiku mmoja, na kijana wa baiskeli akikimbiza roli kati yake, kaa na kalamu. Jumba la pili lilipaswa kuanza zaidi ya roli moja nyuma: likianza roli mbili nyuma, kijana alikuwa na dakika zipatazo 20 za kurudisha roli nyuma, kuibeba na kuipandisha ngazi. Uliza saa za kuanza za majumba yote mawili. Zikilingana na hesabu, kisa kimesimama.

Mwisho nenda kwenye maandishi. Magazeti yalichapa matangazo ya sinema: tafuta Tanganyika Standard, na kuanzia 1972 Daily News. Nyaraka za Taifa zipo Dar es Salaam, na za Zanzibar zipo Kilimani. Kama jumba lilikuwa miongoni mwa majengo yaliyotaifishwa kwa sheria ya 1971, ulizia majalada ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliingia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990.

Tahadhari ya saa: tangazo la Kiingereza likiandika 9.15 p.m. na bibi akisema saa tatu na robo usiku, wamesema kitu kimoja. Nimeona rekodi nzuri zikitiliwa shaka kwa jambo hilo tu.

## Hatua ya 9: Visa vya mtaani vitunze kama visa

Kila jumba lina visa vyake: jini wa kiti cha nyuma, mtu aliyemrushia kiatu adui kwenye pazia, usiku ambao umeme ulikatika na ukumbi mzima ukaimalizia picha kwa mdomo. Vijana wengi wanavitupa kwa kuwa havina ushahidi. Visitupwe. Vinaonyesha mji ulivyojichora wenyewe.

Kila kisa kiandikie mambo matatu: nani amekisimulia, yeye alikisikia kwa nani, na je, anasema "niliona" au "walisema". Kisa kimoja kikisimuliwa na watu watano, andika vyote vitano bila kuvichanganya. Tofauti zao zina habari: jini wa kiti cha nyuma huenda kwa wavulana akawa mcheshi, na kwa wasichana akawa sababu ya kutokukaa gizani peke yao.

## Hatua ya 10: Nukuu, hifadhi, rudisha

Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuinukuu. Anza wiki ileile, ukiwa bado unakumbuka ishara za mikono, na uziandike: [anaonyesha kitanzi kwa vidole]. Acha lahaja ilivyo. Mtu wa Unguja asigeuzwe mtangazaji wa habari.

Faili liite kwa tarehe, jumba na msemaji, mfano 2025-03-14_majestic_opereta. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine kabisa. Simu peke yake si hifadhi.

Kisha warudishie. Omba chumba, shuleni au kwenye ukumbi wa mtaa, tandika michoro yote ukutani, cheza vipande vya dakika mbili mbili kwa ridhaa ya wenyewe. Weka penseli chini ya kila mchoro. Wataanza kubishana kuhusu choo kilikuwa upande gani, na mtu aliyekaa kimya miaka yote atasimama kuweka alama pale alipokaa mumewe. Simu iwe tayari, imelazwa juu ya kanga, na chaji imejaa.